Mafuta Yasiyotoka

Usiseme ni rangi ya Kibo alfajiri.
Kila mtu Moshi husema hivyo, hata kwa rangi ya kucha.
Sema hivi: mvua imenyesha Njoro, nje ya gereji,
dizeli imedondoka kwenye dimbwi,
na mtoto ameinama anatazama
buluu ikila zambarau, zambarau ikila pichi.
Hiyo ndiyo rangi ya vikombe vyangu.

Cha kwanza nilikipata Memorial,
chini ya rundo la viatu vya mguu mmoja mmoja.
Kirita akakifuta kwa pindo la shati,
akakipindua kama anayemkagua mbuzi meno:
"Soma mwenyewe, mama. Japani.
Hiki hakikuja na meli ya juzi."
Herufi nyekundu, ndogo kama alama ya siafu.
Alitaka elfu nne. Nilitoa tatu na parachichi mbili.

Tangu hapo nina ugonjwa wa kupindua.
Nimepindua sahani msibani, nusura wali umwagike.
Nimepindua bakuli la sukari kwa mchungaji,
naye akadhani natafuta bei.
Birika lilitoka kwenye nyumba ya shamba la kahawa, Kibosho,
likiwa limejaa misumari.
Kifuniko nilikikuta baada ya miaka miwili, Kiboriloni,
kwa muuza dagaa, kimefunika chumvi.
Havikuzaliwa pamoja:
birika ni samawati, kifuniko ni pichi.
Wamezoeana, kama waliooana ukubwani.

Sahani moja, kwa chini, inasema imetoka Japani
wakati Japani imekaliwa.
Neno hilo nililitafuna wiki nzima.
Jeshi la wageni barabarani, mchele wa kupimiwa,
na mtu fulani, brashi mkononi,
anapiga mstari mweusi ukingoni, usitetemeke.
Haukutetemeka.
Au ulitetemeka, hapa, mahali pamoja:
nimepagusa kwa ukucha.

Mume wangu Anaeli hunywea kikombe cha bati.
"Vyombo gani hivi vya kuogopa limau?"
Ni kweli, vinaogopa. Limau, siki, magadi,
jua la dirishani, chai ya kuunguza.
Rangi yenyewe ni utando tu,
mwembamba kuliko ngozi ya maziwa.
Lakini sikuvinunua ili kabati linywe.
Jumapili natandika: vikombe sita, visahani vitano.
Anayechelewa ibada ya kwanza
anashika kikombe chake mkononi.

Pasaka alikuja Ndewasia, binti wa kaka, kutoka Mwika.
Sikumwomba aoshe. Nilikuwa mlangoni nasindikiza wageni,
nikasikia jikoni kwaru, kwaru, kwaru,
stilwaya na majivu.
"Shangazi, haya mafuta yamegoma kabisa kutoka,
ila hiki kimoja nimekiweza."

Akakiinua kwenye mwanga, anatabasamu.
Cheupe. Cheupe kama yai la kuku wa kisasa.
Dimbwi lote lile, lililovuka bahari,
lililovuka vita na mnada na rundo la viatu,
limeteremka kwenye bomba la sinki kwangu Rau
pamoja na masalia ya pilau.
Nilikuwa na neno mdomoni.
Nikaviona vidole vyake, vimechubuka.
"Umefanya kazi," nikasema.
Kisha nikampokonya, polepole, kile cha pili.

Hicho cheupe sasa ni changu.
Wageni wanapewa vinavyong'aa,
Anaeli ana bati lake, na kicheko chake.
Mimi ninajua tu kwamba ukikiinamisha hivi,
ndani, kwenye kona ambayo stilwaya haikufika,
pamebaki kipande cha pichi
kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.
Nakifunika kwa chai.
Nakunywa taratibu, mpaka kirudi.